Tulivyomzika Baba Chini ya Mchesnati

Siku chache kabla ya kuganduka, kumaliza matanga ya Mama, nilikuwa nikitenga nguo zake, za kugawa upande huu na za kubaki upande ule, nikatia mkono katika mfuko wa koti lake la baridi nikakuta ganda la tunda la mchesnati. Lilikuwa limekauka na kupasuka pande tano kama nyota, na mgongo wake una vinundu vinavyokwaruza kidole. Mbegu hazikuwemo. Nililinusa. Harufu ilikuwa hafifu, ya mbao za zamani na ganda la limau, lakini ilinitosha. Nikaketi juu ya kitanda cha marehemu na hasira mpya kabisa, hasira ya mtoto wa darasa la pili, mimi ambaye nina watoto wangu na miwani ya kusomea.

Sisi Warundi, muda wa matanga ukiisha, tunaganduka. Tunakutana, tunakula na kunywa, maneno ya mwisho yanasemwa, na kuanzia hapo mtu anaruhusiwa kucheka tena bila kutazamwa. Mjomba Gaspari, kaka yake Mama, ndiye angeongoza shughuli, na asubuhi ile ile alikuwa amenipigia simu.

"Mwanangu," aliniambia, "siku ile watu watakuwa wengi. Mambo ya ule mti uyaache. Mama yako apumzike."

Nilimjibu kwamba nimesikia. Kusikia si kukubali, ila Mjomba hajawahi kuona tofauti.

Utotoni tuliishi Berea, mtaa wa mji wa pwani katika nchi ya Wazulu, katika nyumba kuukuu ya ghorofa ambayo mwenyewe aliikatakata vyumba akatupangisha sisi na Wakongomani, kila familia chumba kimoja, na jiko moja la wote ambalo lilikuwa uwanja wa vita. Mchesnati ulikuwa nyuma. Nyumba yenyewe ilikuwa mzee, lakini mti ulikuwa mzee wa kuamkiwa shikamoo na nyumba. Ilionekana wazi kwamba waliojenga waliukuta pale na wakauogopa, maana njia ya mawe ilikuwa imepindishwa ili kuuzunguka, na ukuta wa jirani uliachwa pengo ili tawi lipite. Gome lake lilikuwa la kijivu, laini na baridi hata mchana wa Desemba. Ukichuma jani na kuliinua juani uliona vitone vidogo vingi vinavyopitisha mwanga, na ukilifikicha lilinuka limau. Karibu na Krismasi mti wote uligeuka rangi ya waridi, maua yenye madoadoa ya zambarau, na tumbili wa mjini wakaja na familia zao kutuibia mbegu na nguo za kwenye kamba.

Chesnati, kwa kweli, ni jina la kubandikwa. Wazungu wa zamani waliliona tunda wakakumbuka la kwao, wakauita mti hivyo, kumbe wala si ndugu. Mbegu yake ni nyeusi, inang'aa, ina pembe pembe, na ukiitafuna utatema mate mpaka jioni. Nilijaribu, kwa hiyo najua.

Aliyeujua kwa jina lake alikuwa Gogo MaDlamini, bibi wa Kizulu aliyekaa chumba cha uani na kufanya usafi katika maghorofa ya juu ya barabara. Yeye aliuita umemezi. Mara moja moja alikuja na kisu kidogo, akausalimu mti kwa heshima zote kama anayebisha hodi kwa mkwe, akaueleza anachotaka na kwa ajili ya nani, ndipo akabandua kipande cha gome kisichozidi kiganja. Hakubandua kuzunguka shina hata siku moja. Mti ukivuliwa mshipi unakufa, alisema, na wauza dawa wa mjini wameua mingi hivyo. Gome alilisaga, akalichanganya na mafuta, akapaka wasichana wanaotaka kuchumbiwa. Sisi Mama hakuturuhusu kupakwa, lakini nilimwona yeye mwenyewe akipaka kidogo, jioni, kabla Baba hajarudi.

Mama naye alikuwa na mti wake kichwani. Kwetu Burundi, alinieleza, mahali alipokuwa akikaa mfalme au mkubwa wa zamani, miti mikubwa huachwa. Nyumba huoza, watu hutawanyika, lakini miti ile haikatwi wala haichumwi kuni. Panaitwa ikigabiro. Jioni moja tulikuwa tukichambua maharage chini ya mchesnati akasema, bila mimi kumuuliza, "Mti wa hivi haukatwi. Ukiuona tu unajua, hapa chini iko mtu." Mimi nilinyanyua miguu yangu haraka.

Baba alikuwa mlinzi wa magari kule ufukweni. Namkumbuka kwa sikio lake la kushoto, ambalo ncha yake ilikunjika kwa ndani kama jani lililoungua, na kwa namna alivyoninyanyua nishike tawi la chini kila alipotoka kazini. "Umefika?" ananiuliza. "Nimefika!" Siku moja hakurudi. Mama akasema ameenda nyumbani kumwona bibi mgonjwa. Siku zikawa wiki. Niliacha kula vizuri, nikawa nakaa kwenye ngazi ya mlango wa mbele nikihesabu taxi zinazosimama pale kwenye robot, taa za barabarani za kona. Hapo ndipo Mama alipojifunga kitenge kichwani, akanikalisha kitandani, akaniambia Baba amefia njiani na wamemzika huko huko, hakuna la kufanya.

Mjomba Gaspari alikuja na watu wa kanisani. Kwa kuwa maiti ilikuwa mbali, Mama aliamua azikwe kwa nguo. Si desturi yetu hasa. Ugenini watu hushona desturi kwa vipande vya nguo walizo nazo, na anayejifanya anaijua yote anajifanya tu. Walichimba shimo upande wa mti unaotazama jiko, wakatia mfuko wenye shati la Baba la buluu na viatu vyake vyeusi. Nilisimama pale nikitazama ule mfuko ulivyo mdogo. Hakuna mtu aliyenieleza, kwa hiyo nilijieleza mwenyewe: mtu akifa mwili wake huwa mwepesi, unaisha taratibu kama sabuni, na zinazobaki ni nguo. Kwa hiyo huyo ndiye Baba. Nilifarijika kwamba amerudi.

Baada ya muda wakaganduka hapo hapo chini ya mti, viti vya kuazima, wali, fanta kwa walokole na kitu kingine kwa wengine. Mwishoni Mjomba alisimama akasema maneno ambayo husemwa: "Mwenye neno na marehemu, au anayemdai, aseme sasa. Baada ya leo hatutasikia." Ndiyo kufuli ya msiba. Usiposema hapo umesamehe, na deni lililotajwa hapo ni lazima apatikane wa kulilipa.

Papa Fiston, Mkongomani wa chumba cha juu, fundi wa redio, akanyanyua mkono.

"Mi nadai," akasema. "Marehemu alikamata turnevisi yangu, ile ya mkono mwekundu. Alienda nayo."

Mwanamke mmoja nyuma alijifunika uso kwa kitenge, mabega yakamtikisika. Nikaona analia, nikamhurumia. Mjomba alikohoa kikohozi kirefu, kikavu, kisha akauliza kama inavyotakiwa, "Deni limesikiwa. Atalilipa nani?" Mama akanisukuma mbele kwa kidole mgongoni. "Mrithi ni huyu," akasema. Nami nikaahidi, mbele ya watu wazima wote wale, kwamba nikikua nitamrudishia Papa Fiston bisibisi yake. Mabega ya yule mama yakazidi kutikisika.

Nililibeba deni lile kweli kweli. Nilikuwa nikimwona Papa Fiston kwenye ngazi, nageuza njia.

Mtini ndiko nilikoishi baada ya hapo. Kila nikitoka shule nilikwenda upande wa jiko, nikaweka mgongo kwenye shina, nikasoma alama zangu za shule kwa sauti. Vitone kwenye majani nilijua ni maandishi ya Baba, ila bado sijafundishwa kuyasoma. Maua yakitoka nilijua amefurahi. Mwaka mmoja maua yalichelewa, nikakaa nikijiuliza nimekosa nini, nikaanza kufua soksi zangu mwenyewe. Mama aliniona, akanitazama kwa dirisha la jiko, mwiko mkononi, wala hakusema kitu. Leo nikikumbuka ule mwiko uliosimama hewani, damu inanichemka. Alikuwa na muda wa kusema.

Gogo MaDlamini aliponiona nimekaa sana pale aliniuliza natafuta nini. Nikamwambia namtafuta Baba, yuko humu, ila hajibu. Akaenda chumbani kwake akarudi na mbegu ya mchesnati aliyoitoboa, akaipitisha uzi, akanifunga mkononi. Wawindaji wa zamani, aliniambia, walivaa mbegu hii mkononi walipokwenda porini, ili mkono usikose kinachotafutwa. "Vaa, ntombi, binti yangu. Usiivue." Sikuivua hata kuoga.

Ijumaa nilikuwa nikimsihi Mjomba Gaspari anichukue Pinetown, alikokuwa akiuza mikanda na chaja karibu na stendi ya taxi. Alikataa kila mara. "Pinetown iko tsotsi wengi," alisema, "watakuiba." Nikaamini kwamba Mjomba anahatarisha maisha yake kila siku kwa ajili ya mikanda, nikawa namwombea.

Kisha mwenye nyumba akataka kuukata mti. Alitaka nafasi ya magari. Habari ilimfikia mama mmoja wa Kizungu kutoka Westville, mrefu, wa kundi la watu wanaotetea miti mikongwe, ambaye gari lake lilijaa manyoya ya mbwa. Alikuja kuupima. Utepe wake haukutosha kuzunguka shina, ikabidi auunganishe na kitenge cha Mama, na mpaka leo nadhani urefu wa kitenge kile uko katika kumbukumbu za mahali fulani. Akaitisha mkutano chini ya mti, mwenye nyumba akiwepo na mwandishi wa gazeti la bure la mtaa, ili wanaoishi pale waseme mti una maana gani kwao.

Wazazi wetu Kiingereza kilikuwa cha kununulia mkate. Mkalimani nilikuwa mimi, kama kawaida. Mimi ndiye niliyekwenda na watu wazima benki, kliniki na ofisi za makaratasi, nikasema maneno ambayo mtoto hapaswi kuyajua. Gogo alisema kwa Kizulu habari za gome na za wawindaji, mwandishi akaandika. Papa Fiston alisema kivuli chake kinafaa kwa kutengenezea redio. Kisha yule mama wa Westville akamgeukia Mama, akauliza kwa upole mti huu una maana gani kwake.

Mama alitazama chini. "Mwambie ni kivuli tu," akaniambia. "Mwambie tunaanikia nguo."

Nilishangaa, nikaona haya kwa niaba yake. Nilidhani anawaogopa wageni. Nikafikiri, mti utakatwa, watachimbua mizizi, watamchimbua Baba, na Mama anazungumzia nguo. Basi nikageuka, nikanyoosha mgongo, nikasema kwa Kiingereza changu bora cha shule kwamba baba yangu amezikwa hapa, chini ya mti huu, na kwetu mti wa hivi haukatwi.

Mama alilijua neno la Kiingereza la baba. Akanigeukia na uso ambao sikuwahi kuuona, nikadhani ni kiburi cha mzazi. Mama wa Westville machozi yakamtoka. Akaja akamkumbatia Mama, na Mama akakumbatiwa akiwa amenyooka kama ubao. Kupitia kwangu akaulizwa kama ni kweli. Kupitia kwangu akajibu kwamba ni nguo tu zilizozikwa, mumewe alifia mbali. Akaulizwa jina. Akatazama upande wa Mjomba Gaspari, na Mjomba akatazama viatu vyake. Basi akalitaja, jina lote, Silvesta na la ukoo.

Mti haukukatwa. Mwenye nyumba hakutaka kuonekana gazetini kama mtu wa kufukua makaburi. Yule mama alileta nguzo fupi ya mbao, na juu yake akafunga kibao cha shaba kwa skrubu. Kilieleza kwamba huu ni mchesnati wa asili ya hapa, wenye umri mkubwa kuliko mji unaouzunguka, kwamba gome na mbegu zake zimetumiwa na watu wa nchi hii tangu kale, na kwamba chini yake familia moja humkumbuka Silvesta, mume na baba. Gazeti lilichapisha picha yangu nimeweka mkono wenye mbegu juu ya kibao. Nilikuwa maarufu darasani karibu wiki nzima.

Jumapili moja nilitangulia kutoka kanisani. Nilipopinda nyuma ya nyumba nilimkuta mwanamume amechuchumaa mbele ya nguzo, anasoma kwa midomo. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi vizuri sana. Nikaona sikio la kushoto.

Sikuogopa. Watu hudhani mtoto angekimbia, lakini mimi nilikuwa nimefundishwa habari za ufufuo asubuhi ile ile, na mbegu ilikuwa mkononi. Nilisogea nikamgusa bega, likawa la moto.

"Baba," nikasema. "Umetoka?"

Alishtuka akasimama. Alinitazama muda mrefu. "Weye," akasema. "Umekua." Kisha akatazama nyuma yangu. "Mama yako iko wapi?"

Nilinyanyua mkono nimwonyeshe mbegu, nimweleze kwamba ndiyo iliyompata. Nilitaka pia aninyanyue. Tawi la chini lilikuwa pale pale juu yetu. Lakini Mama alikuwa ameshafika, Biblia kwapani, na nyuma yake Mjomba Gaspari, ambaye alipomwona marehemu hakushangaa hata kidogo. Hilo niliona. Alisema tu, "Silvesta, nilikwambia usije hapa."

"Conso, uliniua?" Baba akamwuliza Mama.

"Wewe ndiye uliyekufa," Mama akasema. "Mimi nilikuzika tu."

"Eish, Conso! Kwa mke wangu mpya wamesoma gazeti. Mambo ya lobola, mahari yao, yamesimama. Mzee anasema hawezi kupokea ng'ombe za maiti, kwao ni mkosi. Na kazini kiwandani wananiita Lazaro."

"Na mtoto?"

"Mtoto nini?"

"Mtoto wako ndiye huyo amesimama hapo."

Alinitazama tena. Nasema ukweli, uso wake ulilegea kidogo, na kwa muda huo mfupi ningemsamehe kila kitu. "Nitakuja kumwona," akasema. "Nitakuja siku nzuri. Kwanza niondoe hii."

Akatoa mfukoni bisibisi. Mkono wake ulikuwa mwekundu, rangi imebanduka banduka. Akaanza kufungua skrubu za kibao, moja moja, na kila aliyoifungua alinipa. "Shika hizi," aliniambia, "zisipotee." Nami nikakinga viganja. Nilishika skrubu za baba yangu akilifungua jina lake kutoka kwenye mti wangu. Alipomaliza alikifunga kibao kwa lile lile gazeti lenye picha yangu, akakiweka kwapani, akaninyanyulia kidole gumba.

"Sharp, mama," akaniaga, akaondoka.

Hakuzichukua skrubu.

Nilifahamu vipande vipande, maana hakuna aliyenikalisha safari hii. Baba hakuwahi kwenda Burundi. Alikuwa amempata mwanamke Pinetown, akahamia kwake, akapata kazi katika kiwanda cha mabeseni. Pinetown! Ukipanda taxi unafika kabla chai uliyoiacha haijapoa. Mjomba alikuwa akimwona stendi karibu kila wiki, wakasalimiana, pengine wakanywa soda. Papa Fiston alijua. Ile bisibisi aliitaja kwa kejeli. Yule mama aliyejifunika kitenge alijua, alikuwa akicheka. Wote waliokula wali wetu siku ile walijua, na walipoulizwa mwenye neno aseme, walimeza neno pamoja na nyama. Ni mimi peke yangu niliyekuwa msibani. Wengine walikuwa karamuni.

Gogo MaDlamini ndiye pekee ambaye hakujua, na alikasirika kuliko nilivyotarajia. Hakumsemesha Mama mpaka maua mengine yakatoka. Mtu aliye hai hazikwi, alisema, huko chini kwa waliokufa hesabu zinavurugika. Nilimrudishia mbegu yake nikamwambia imenidanganya pia. Hakuipokea. "Ulimtafuta, ikakupa," akasema. "Mbegu haichagui ni mtu wa namna gani."

Mama nilimuuliza mara moja tu, jikoni, wengine wametoka. Alikuwa anasonga ugali na hakuacha kusonga.

"Ulikuwa unakaa kwenye ngazi," akasema. "Huli. Unatazama barabara tu. Baba aliye hai ambaye haji, mtoto anamsubiri mpaka anazeeka. Wa kufa hasubiriwi. Nilimzika ili usimsubiri."

Alisema kwa sauti ya mtu anayeeleza mapishi. Nikamwambia nilimsubiri hivyo hivyo. Tofauti yake, nikamwambia, ngazini nilikuwa nikimsubiri peke yake, lakini kule mtini nilimsubiri na kumwomba msamaha. Mama akapakua ugali. Alinipakulia mwingi, na nyama mbili, na hayo ndiyo mazungumzo yetu yote juu ya jambo hili mpaka alipofariki.

Watu wananiambia alifanya kwa upendo. Inawezekana. Mimi mwenyewe ni mama sasa na nimeshawadanganya wangu habari za sindano na za paka aliyepotea. Lakini yangu ni ya siku moja. Yeye alinitazama kwa dirisha, mwaka hadi mwaka, nikimsomea alama zangu jozi ya viatu. Baba hakuja ile siku nzuri. Simlaumu sana, ajabu eti. Yeye sikuwahi kumwamini kwa lolote, alikuwa mgeni mwenye sikio. Niliyemwamini ni Mama, na aliyenipokonya baba mara mbili, aliye hai na yule wa mtini, ni Mama.

Mchesnati bado upo. Nyumba imebadilisha mwenyewe, vyumba vimeongezeka, Gogo alirudishwa kwao akazikwa kwao, lakini mti haujaguswa, na nguzo fupi bado imesimama mbele yake na matundu ya skrubu yaliyojaa sisimizi. Wapangaji wapya walitukubalia tugandukie pale. Lilikuwa ombi la Mama mwenyewe, na sikuweza kujua kama ni toba au ni ukaidi wake wa mwisho.

Watu walikuwa wengi, kama Mjomba alivyosema. Maua yalikuwa yameanza kudondoka juu ya viti na sahani. Papa Fiston alikuwepo, mzee sasa, na fimbo. Mama wa kitenge alikuwepo, nimemjua siku zote kwa jina lake na sitamtaja. Mjomba Gaspari alisimama kwa shida, mkono kwenye shina, akasema maneno yale yale.

"Mwenye neno na marehemu, au anayemdai, aseme sasa. Baada ya leo hatutasikia."

Alinitazama, akatikisa kichwa kidogo, kuniomba. Katika mfuko wa gauni langu nilikuwa na ganda lile la koti la Mama, nikalibana mpaka vinundu vikanichoma. Nilijiuliza aliliweka pale la nini, mwanamke ambaye hakuwahi kuokota kitu chini ya mti huu mbele yangu. Nikasimama.

"Mimi namdai," nikasema. "Namdai baba. Alinizikia baba mzima, hapa, mkiona, na ninyi mkala. Sijamsamehe. Nataka lisikiwe kabla hamjafunga."

Papa Fiston aliinamisha kichwa juu ya fimbo. Mtu mmoja alianza kuimba pambio ili kunifunika, akaacha mwenyewe. Mjomba alikohoa kikohozi kile kile kirefu, kikavu. Lakini yeye ni mtu wa desturi, na neno lilikuwa limeshatoka mbele ya watu. Hakuwa na pa kulipitisha isipokuwa mlango wa desturi.

"Deni limesikiwa," akasema, taratibu. "Atalilipa nani?"

Deni la marehemu hulipwa na mrithi wake, kila mtu pale alilijua hilo, na Mama hakuzaa mwingine. Mmoja mmoja wakaanza kugeuka kunitazama. Nilikuwa bado nimesimama.